Herufi Thelathini za Heshima

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua. Niliacha shule darasa la sita, nikasukuma mkokoteni wa chokaa mjini Thika mpaka viganja vikawa kama nyayo, nikapaka shule, kanisa, baa na choo cha soko. Siku moja ukuta ulianguka nikiwa bado naupaka. Nilishuka kwenye ngazi, nikapanguza brashi, nikamuuliza mwenye nyumba kama ule wa pili nao anautaka upakwe. Leo nina maduka mawili ya rangi: moja Thika, lingine Ruiru pale Kamakis, ambako moshi wa nyama choma unaingia mpaka ndani ya ndoo.

Na haya yote nimeyajenga kwa jicho. Wewe ukiangalia nyeupe unaona nyeupe. Mimi naona kumi na nne, na tatu kati ya hizo singezipaka hata banda la kuku. Wenye vyeti vya ukutani huja kuniuliza.

Lakini hata jicho linahitaji mahali pa kuandika. Duka la Thika nilikuwa na mashine ya zamani ya kuchanganya rangi, ile ya kupampu kwa mkono. Chupa za rangi kali zimepangwa juu, kila chupa na mpini wake wenye alama, na pembeni kompyuta nzito kama jiwe la kusagia. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga duka. Alinifundisha kuitumia kwa muda wa soda moja. Alinionyesha kisanduku cha kuandika jina la rangi, akanionyesha namna ya kuhifadhi, akasema kuna visanduku vingine huko ndani vya kuweka vipimo, lakini soda ilikuwa imeisha.

Mimi nikatosheka na kile kimoja. Humo humo niliandika jina la mteja, rangi yake, vipimo vyake na maoni yangu. Kisanduku kilikubali kila kitu, kama tumbo la ng'ombe. Miaka tisa nililisha lile faili, na halikuwahi kunicheulia.

Sasa kuna jambo la desturi hapa, na ndilo lililoniponza. Kwetu huwezi kusimama mbele ya watu ukaanza kusema maneno yako hivi hivi. Unaanza na chifu, unakuja kwa pasta, unapita kwa wazazi, mpaka yule aliyeleta viti, ndipo unasema umekuja kutangaza mbuzi amepotea. Nami faili langu niliandika hivyo hivyo. Mteja mwenye heshima alianza na heshima yake, vyeo vyote, ndipo rangi ikafuata. Mteja msumbufu alipata maneno mawili. Kuna bwana mmoja aliyenirudishia kopo mara nne akisema kijani changu kinamwangalia vibaya. Huyo niliandika "Mkorofi wa Kiganjo kijani 6", basi.

Mwalimu aliingia duka la Thika mwezi wa pili na chupa ya chai mkononi. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mfupi anayeongea kama bado kuna kengele karibu kulia, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa kikorti kimoja, mtaa mdogo wa geti moja kule Membley, nyumba ishirini na nne. Aliweka kikombe cheupe juu ya kaunta, akamimina.

"Nataka rangi hii," akasema.

"Chai, Mwalimu?"

"Chai. Si maji yaliyoonyeshwa majani, wala si maziwa yaliyosikia habari za chai. Hii."

Wengine wangemcheka. Mimi nilivaa miwani. Tulikaa asubuhi nzima, mimi napampu, yeye ameegemea kaunta akitikisa kichwa. Nyekundu mno. Hapo umeweka moshi. Hapo karibu, lakini hiyo ni chai ya hoteli. Mwishowe akanyamaza, na kunyamaza kwa mwalimu ni alama mia kwa mia. Nikaandika katika faili, nikianza na vyeo vyake vyote. Halafu nikainywa ile sampuli. Ilikuwa imeshapoa, lakini mimi sijalelewa kumwaga chai.

Mapatano yetu yalikuwa wazi. Nyumba zote ishirini na nne rangi moja. Siku ya mwisho kamati itazunguka kikorti kizima saa nne asubuhi, jua likiwa limefunguka, na nyumba moja ikitofautiana, nitapaka zote upya kwa mfuko wangu. Kulikuwa na vikorti vingine viwili hapo Membley vikisubiri kuona kazi yangu. Kwa hiyo haikuwa kuta tu. Ilikuwa jina langu.

Tulimaliza nyumba kumi na tatu, rangi yote ikiwa imechanganywa Thika, ndipo mvua ikaanza. Mafundi wangu wakaenda kupanda mahindi. Mimi wakati huo ndipo nikafungua duka la Kamakis, nikanunua mashine mpya kabisa. Hii haina mpini. Unabonyeza, inajimwagia yenyewe, tone kwa tone, kama muuguzi. Kompyuta yake ni nyembamba kama sahani, na programu ni ile ile ya Thika, jina lile lile, ila ya miaka ya sasa.

Aliyekuja kuifunga ni mama mmoja fundi wa kompyuta, mtu wa maneno machache, ambaye mimi humwita Madam. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Mzee, lile faili la Thika usilifungue huku mpaka nije mwenyewe."

"Kwani si programu ni moja?"

"Jina ni moja. Rika si moja."

"Rika?"

"Rika. Ya huku ni ya vijana. Ya vijana inaweza kusoma iliyoandikwa na ya wazee. Ya wazee haiwezi kusoma ya vijana."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo. "Madam, hapo umegeuza. Kwetu wazee ndio wanaojua siri za vijana. Kijana hajui siri ya mzee."

"Kwa watu, sawa. Kwa kompyuta ni kinyume. Nisubiri."

Sikumsubiri. Mtu aliyejisomesha mwenyewe hasubiri ruhusa ya kufungua kitabu chake. Jua liliporudi, siku ya Jumatatu, nikabeba faili kwenye flashi kutoka Thika, nikalifungua Kamakis. Ikatokea karatasi ndogo katikati ya skrini, imeandikwa Kiingereza kingi, lakini neno moja nililijua vizuri: "convert". Hilo neno tunalisikia kanisani kila mkutano wa injili. Convert ni mtu aliyeokoka. Sasa kompyuta inaniuliza kama faili langu liokoke, nami ni mzee wa kanisa. Ningesema hapana?

Nikabonyeza ndiyo.

Majina yakajipanga, mazuri, herufi zinang'aa. Nilifurahi sana, nikaona si haki Thika wabaki gizani. Maduka mawili yasome kitabu kimoja, kama kwaya. Jioni nikarudisha lile faili lililookoka mpaka Thika, nikaliweka juu ya la zamani. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Mimi sijawahi kukosa hakika.

Asubuhi ya Jumanne niko Kamakis nichanganye rangi ya nyumba kumi na moja zilizobaki. Nikamtafuta Mwalimu kwenye orodha. Yupo. Imeandikwa: "Mheshimiwa Mwenyekiti Mwalimu".

Halafu hakuna kitu.

Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Nikatazama nyuma ya skrini. Nikampigia mama watoto, ambaye ndiye anayesimamia duka la Thika.

"Hebu fungua kompyuta hapo unisomee rangi ya Mwalimu."

Nikasikia kibodi, halafu, "Haiya! Hii imekataa."

"Imekataaje?"

"Inasema faili ni ya programu mpya kuliko yenyewe. Haifungui."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mara tatu. Mzee, kwani umeifanyia nini?"

"Nimeiokoa."

"Umeiokoa kutoka kwa nani?"

Nikakata simu. Niliendesha gari mpaka Thika, nikaifungua mwenyewe, ikanikatalia mwenyewe. Nikaipiga kofi ubavuni. Nikaizima ukutani, nikaiwasha, ikakataa. Niliitukana matusi ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Mama watoto aliangalia nje ya dirisha, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini wewe si unajua rangi zote kwa kichwa? Juzi kwa arusi ulisema."

Ni kweli nilisema, kwenye kipaza sauti.

Basi nikaamua jicho litaniokoa. Jumatano nikaenda Membley, nikasimama mbele ya nyumba ya kumi na tatu kama mtu anayesoma ilani, nikarudi Kamakis nikachanganya ndoo nzima ya lita ishirini. Ilipokuwa mbichi ilikuwa chai kamili. Mafundi wakapaka ukuta wa mbele wa nyumba ya kumi na nne. Ikakauka. Kufikia saa sita, nyumba ya kumi na tatu ilikuwa chai, na ya kumi na nne ilikuwa uji wa wimbi.

Nikachanganya ndoo ya pili. Hiyo ilikauka ikawa rangi ya ufizi.

Mwalimu akatoka na mwavuli wa jua, akasimama katikati ya barabara, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule.

"Fundi, hii ni nini?"

"Bado haijakaa vizuri, Mwalimu."

"Mimi nimefundisha miaka thelathini na nne. Najua mtoto ambaye hajakaa vizuri, na najua ambaye hajui jibu."

Nikajikaza. "Mwalimu, naomba kitu kidogo. Unaweza kunipikia ile chai tena?"

"Ile ya mwezi wa pili?"

"Ile ile. Nitaitumia kama sampuli."

Akatikisa kichwa. "Yale majani alinitumia dada yangu. Yameisha. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wa jirani, na huyo ng'ombe ameshauzwa. Sampuli yako ilikuwa kwenye kikombe. Kwani uliipeleka wapi?"

Kuna maswali mtu hujibu kwa kuangalia viatu.

"Uliinywa," akasema Mwalimu.

"Nilikunywa, Mwalimu."

"Jumamosi saa nne kamati inazunguka," akasema, akafunga mwavuli.

Hapo ndipo nilipompigia Madam, na naomba mtu asihesabu hii kama kushindwa. Kinyozi hajinyoi. Alikuja Kamakis Alhamisi asubuhi, akakaa mbele ya kompyuta na begi lake bado begani. Hakuniuliza kama nilimsubiri. Alinusa tu hewani kama mtu aliyeingia jikoni akakuta sufuria imeungua.

"Mzee, vipimo uliweka wapi?"

"Hapo."

"Hapo ni kwa jina."

"Ndiyo. Jina, halafu vipimo."

"Vyote kwenye jina?"

"Kisanduku kilikubali."

Akafunga macho kidogo. Kisha akanieleza polepole, na namsifu, hakunidharau. Programu ya zamani ilikuwa na kisanduku kirefu cha jina, mtu angeweza kuandika barua. Waliotengeneza hii mpya wakaona hakuna rangi yenye jina refu hivyo, wakakipunguza. Sasa kinabeba herufi thelathini, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Nilipobonyeza ndiyo, kila kilichozidi thelathini kilikatwa na kutupwa.

Akahesabu kwa kidole kwenye skrini. Mheshimiwa, kumi. Nafasi. Mwenyekiti, kumi. Nafasi. Mwalimu, saba. "Ishirini na tisa. Na nafasi moja ya mwisho, thelathini. Rangi ilikuwa inaanza hapo mbele kidogo?"

"Hapana. Hapo nilikuwa bado sijafika kwa 'Mstaafu wa Membley'."

Akateremsha orodha. Wateja wangu wote wa maana walikuwa wamebaki vyeo vitupu. Mheshimiwa Diwani wa Wadi Yetu, hana rangi. Mchungaji Kiongozi wa Kanisa, hana rangi. Mama Mlezi wa Kikundi cha Akina Mama, amekatwa hata kabla ya kumaliza akina mama. Katikati yao, mzima, hajaguswa hata herufi, amekaa Mkorofi wa Kiganjo kijani 6.

Madam aliangua kicheko mpaka begi likaanguka. "Huyu ungemheshimu ungempoteza!"

Nami nikacheka kidogo, kisha nikahesabu vidole. Siku zilizobaki zilikuwa mbili.

"Kuna nakala mahali?" akauliza akijipanguza macho.

"Mimi si mtu wa nakala."

"Hilo nimeliona. Twende Thika."

Kule dukani mama watoto alimpa kiti na mimi hakunipa. Madam hakuifungua programu kabisa. Alizunguka nyuma yake, akaingia kwenye makabati ya kompyuta ambayo miaka tisa sikujua yapo, akafungua moja, akafungua lingine, akasimama.

"Mzee, ilipokataa kufungua lile faili jipya, ulifanya nini?"

"Nililazimisha."

"Ikakubali?"

"Ilikataa katakata. Niliipiga."

"Mshukuru Mungu ilikuwa na kichwa ngumu. Hii ya zamani, kila ikifungua faili na kulifunga, inajiwekea nakala moja pembeni, juu ya nakala ya jana. Ingekubali kufungua hilo lililokatwa, ingeandika yaliyokatwa juu ya nakala nzuri. Imekataa, kwa hiyo nakala ya mwisho ni ya kabla ya wewe kuliokoa faili."

Nikaitazama ile kompyuta, na alama ya kiganja changu kwenye vumbi la ubavu wake. Mama watoto naye aliiona, akachukua kitambaa akaipanguza.

Madam alitoa nakala kwanza kwenye flashi mpya, tena nyingine, akatutazama wote wawili kuhakikisha tumeona. Ndipo akabadilisha mkia wa jina la faili ili nakala isomeke, akafungua programu. Orodha ikatokea yote, ndefu, na makosa yangu yote ya herufi. Tukamtafuta Mwalimu. Nikasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma wosia:

"Mheshimiwa Mwenyekiti Mwalimu Mstaafu wa Membley, chai yake mwenyewe, njano ya udongo tatu, kahawia mbili na nusu, nyekundu robo..."

"Haleluya," akasema mama watoto.

"...nyeusi nusu, halafu ongeza nyeusi kidogo kidogo mpaka Mwalimu anyamaze."

Gari la maji lilipita nje likipiga honi.

"'Kidogo kidogo' ni ngapi?" akauliza Madam.

"Mpaka anyamaze."

"Mzee, hicho si kipimo."

"Siku ile kilikuwa."

Nilijaribu kuhesabu kwa kumbukumbu. Ilikuwa matone manne? Tisa? Nyeusi ni rangi ya hatari, tone moja linaharibu ndoo. Mama watoto ndiye aliyesema lile ambalo mimi na Madam, pamoja na akili zetu zote, hatukuliona. "Kama kipimo ni Mwalimu, si umlete?"

Kumpigia simu kulinishinda kuliko kupanda ngazi. Nilieleza yote, pamoja na heshima na herufi thelathini. Upande wa pili palikuwa kimya, nikajua kile si kimya cha kukubali.

"Yaani," akasema, "rangi ya nyumba yangu imekatwa kwa sababu uliniita mheshimiwa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nitumie gari. Na sipandi la mzigo."

Alifika Thika Ijumaa saa tatu na nusu kwa teksi niliyoilipia, amevaa kama wa ibada. Jambo la kwanza hakuangalia ndoo. Aliangalia skrini, akasoma mistari kumi hivi kwa ncha ya miwani.

"'Kirimu' ndiyo nini?"

"Krimu, Mwalimu."

"Na 'sirva'?"

"Silva."

"Na wewe unalia kukatwa herufi. Ulikuwa nazo za ziada mahali pasipofaa. Haya, pampu."

Nikapampu. Njano ya udongo tatu, kahawia mbili na nusu, nyekundu robo, nyeusi nusu. Madam amesimama na kalamu, mama watoto anakoroga. Mwalimu ameegemea kaunta kama mwezi wa pili. Nikaongeza tone.

"Bado ya hoteli," akasema.

Tone.

"Bado."

Tone la tatu, la nne. Alianza kuniambia habari ya mwanafunzi mmoja wake aliyekuwa anaandika jina lake la ubatizo, la ukoo, la babu na la kijiji juu ya karatasi ya mtihani mpaka muda unaisha. Tone la tano. Akaendelea kidogo. Tone la sita. Akafungua mdomo, akaangalia ndani ya ndoo, akaufunga.

"Sita," Madam akaandika. Kisha akakiweka kila kipimo kwenye kisanduku chake, kule ndani ambako soda haikufika, na kwenye kisanduku cha jina akaandika neno moja tu: Chai.

Mwalimu akalisoma. "Sasa mimi ni chai tu?"

"Wewe ni vipimo, Mwalimu," nikasema, na nadhani hapo alikaribia kucheka. Nilimpeleka akale samaki na ugali kabla hajarudi, maana mtu hawezi kumtumia mwalimu kama chombo cha kupimia halafu amrudishe na njaa.

Mafundi walipaka kuanzia mchana wa Ijumaa mpaka usiku kwa taa, wakamalizia Jumamosi alfajiri. Saa nne kamati ilizunguka, watu sita na Mwalimu mbele na mwavuli. Walipita nyumba ya kumi na tatu wakaingia ya kumi na nne bila kupunguza mwendo. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza mashine gani ina shabaha namna hii. Nilimwambia ni jicho. Mwalimu alikohoa. Nikaongeza kwamba pia ni ushirikiano. Wiki iliyofuata vile vikorti viwili vikanipa kazi, kimoja kikitaka rangi ya ganda la ndizi mbivu, na ndizi ya sampuli nilikataa kuila mpaka Madam alipomaliza kuandika.

Jioni ile ya Jumamosi mama watoto alikaa na kikokotoo, akajumlisha: ndoo mbili zilizoharibika, siku ya mafundi waliopaka uji na ufizi, Madam, flashi mpya, teksi ya kwenda na kurudi, na samaki. Nilimwambia asinisomee, mimi sishtuki. Akanisomea: shilingi elfu ishirini na nane, mia nne na hamsini. Nikamwomba asome tena, si kwa kushtuka, ni kuhakiki tu.